Namba ya zamani

Juzi usiku mwanangu aliuliza swali huku akichambua miiba ya samaki: "Mama, mtu akishamaliza mtihani, bado inafaa kuuombea?"

Baba yake akanitazama. Anajua. Nikasema tumalize kula kwanza, kisha nikanyanyuka kwenda jikoni, na huko sikuwa na shida na kitu chochote.

Swali lake lilinirudisha kwenye kaunta buku moja la zamani, na bado ninalo. Kona zake zimeliwa na mende, na ukurasa wa kwanza una doa la mafuta ya mihogo ambalo limepenya hadi ukurasa wa nne.

Mliokuwa nasi Manzese mnakumbuka tulivyoanza ule mradi wa kanisa kwa vijana wa mtaani. Tulikuwa watano, tumejaa moto, tumechangishana hela za kukodi spika. Tuliwaomba wazee wa kanisa ukumbi, wakasema vijana wa vijiweni wataiba kinanda kipya. Tukapewa banda la mabati nyuma, lililokuwa stoo ya viti vibovu. Iliniuma, kwa sababu walikuwa wanawasema watoto ambao hawakuwahi hata kuwauliza majina. Jumamosi ya kwanza tulipanga viti sitini. Barabara ya Morogoro ilikuwa imefumuliwa kwa ujenzi wa mwendokasi, vumbi likaingia mpaka kwenye chai. Walikuja wanne, wawili kati yao walitaka tu kuchaji simu.

Jumatatu ya tarehe 18 Februari 2013 yakatoka matokeo ya kidato cha nne. Wanafunzi zaidi ya 240,000 walikuwa wamepata sifuri, wengi kuliko waliofaulu. Mtaani hukuhitaji kusikiliza redio kujua hilo. Ukipita pale darajani uliwaona wamekaa kwenye ngazi, wameinama, hakuna anayepiga soga. Nyumbani hapakukalika, maana mzazi aliyeuza vitumbua miaka minne kulipa ada naye ana maneno yake.

Jumamosi ile banda lilijaa. Sisi tulikuwa tumeandaa somo, na wao walikuwa wanataka mahali ambapo hawataulizwa umepata ngapi. Tulipomaliza kuimba, kijana mmoja, deiwaka wa daladala za Ubungo–Kariakoo, akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Dada, mnaweza kutuombea matokeo yabadilike?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Mwinjilisti wetu akanishika kiwiko, lakini nilikuwa nimeshasema ndiyo. Nikachukua kaunta buku la mahudhurio, likazunguka, kila mmoja akaandika namba yake ya mtihani. Zilikuwa namba 23. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi tukawa tunaliweka buku mezani katikati ya masufuria ya mihogo, tunaweka mikono juu yake, tunaomba. Tulisoma habari ya mjane na kadhi, Luka 18, nadhani mara tano. Waliipenda kwa sababu yule mama hakuwa na kitu zaidi ya kusumbua.

Mei ikafika, na tume iliyoundwa na Waziri Mkuu Pinda ikamaliza kazi yake. Serikali ikatangaza kwamba matokeo yamefutwa, yatachakatwa upya. Nilisikia habari hiyo nikiwa kwenye daladala, nikalia mbele za watu.

Jumamosi ya kwanza ya Juni walikuja mbio. Deiwaka aliingia na sauti kabla ya mwili: "Foo ya 30! Dada, foo ya 30!" Yaani daraja la nne, pointi 30; sifuri imefutika. Wakapiga vigelegele, wakapiga viti, mabati yakapokea. Mmoja mmoja wakawa wanakwenda mezani, wanatafuta namba zao na kuziwekea alama ya vema. Wengine walirudia wino mpaka karatasi ikachanika. Mwinjilisti alikuwa anatoa machozi. Nami niliona kazi yetu imethibitishwa, na mioyoni tulishaanza kupanga tutakavyowaambia wazee.

Kulikuwa na binti wa yeboyebo za bluu. Hakukosa Jumamosi hata moja, na ndiye aliyebaki kila mara kuosha vikombe. Siku hiyo aliingia akaenda moja kwa moja kwenye beseni. Niliona mgongo wake, na kiwiko kikienda na kurudi, kikombe kimoja kwa muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji. Nikamsogelea. Hakugeuka.

"Dada, mimi nilikosea wapi kuomba?"

Povu lilikuwa limepanda mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nyuma yetu walikuwa wanaimba pambio. Nilifungua kinywa niseme Mungu ana mpango wake, na nilikuwa nimeshaliamini neno hilo maisha yangu yote, lakini halikutoka. Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta vikombe alivyoosha. Tulimaliza vyote. Vilikuwa kama arobaini. Hakuna aliyesema kitu.

Kisha akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda mezani. Namba yake ilikuwa ya saba kutoka juu. Hakuweka vema wala mkasi. Alifunua ukurasa mpya, akaiandika upya namba ileile, polepole, na chini yake akaandika: Hisabati. Baiolojia. Kiingereza. Akanisogezea buku.

"Kuna anayejua hesabu hapa?"

Hakukuwa na anayejua. Wiki mbili baadaye tulimpata mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, akaja na ubao wake mwenyewe. Kuanzia hapo mradi ukawa kitu kingine kabisa, na hayo mengine mnayajua: masomo ya jioni, wazee kutupa ukumbi hatimaye, kinanda kipo mpaka leo.

Yule binti alisoma nasi mpaka Oktoba. Akajiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kisha familia yao ikahama kabla ya matokeo, chumba kikapangishwa kwa watu wengine ambao hawakuwajua. Nilitaka kumtafuta kwenye orodha. Lakini anayerudia hupewa namba mpya, inaanza na P badala ya S, na hiyo mpya hakuwahi kuiandika kwenye buku.

Mwanangu bado hajaniuliza tena. Sijui nitamwambia nini. Asubuhi nikiamka kuomba, nikishataja watoto na mama yangu, huwa naitaja na ile namba, ile ya zamani.