Ukuta wa kati hauvunjwi

Jumamosi nilishuka Bagamoyo kwenye kikao cha familia, ajenda ile ile ya miaka yote, nyumba ya bibi. Iko Mji Mkongwe, mawe ya matumbawe na chokaa, baraza mbele, na mlango wa nakshi ambao kila mtalii akipita lazima aupige picha halafu huyoo, senti haachi.

Binamu yangu anataka avunje ukuta wa kati apate ukumbi wa sherehe. Mjomba akamuuliza, "We unajua kwa nini vyumba vya humu vyembamba?" Kimya. Mjomba akanyoosha kidole juu, boriti. Dari limebebwa na boriti za mikoko na mkoko wenyewe hauna urefu wa maana, mita tatu hivi basi, kwa hiyo upana wa chumba ni boriti ndio imeamua. Toa ukuta ule uone, dari lote litakuja chini na mawe yake.

Ujinga mmoja tushafanya. Mwaka juzi ukuta wa upande wa bahari tuliupiga plasta ya simenti, ukapendeza weee, miezi mitatu. Sasa hivi ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe, ile ni chumvi, na plasta imevimba, ukiibonyeza inadondoka vipande. Kumbe chokaa inaachia unyevu utoke, simenti inaufungia ndani. Fundi simlaumu, alifanya tulichomwambia.

Mi sisemi nyumba ikae kama makumbusho. Hiyo Ngome Kongwe ya hapo hapo Bagamoyo tu, 1860 ilikuwa makazi ya tajiri wa Kiarabu, Wajerumani wakaigeuza kambi ya askari, baadaye ikawa ya polisi, na bado imesimama. Ila kazi uipime na nyumba. Vyumba vinne vyembamba, vina hewa, hiyo ni gesti tayari bila kugusa ukuta, choo tu kikae uani maana bomba likivuja kwenye kuta zile ni msiba.

Tukakubaliana tuanze na chumba cha mbele, apewe fundi cherehani. Angalau patafagiliwa kila asubuhi na dari likivuja mtu ataona. Binamu kanuna, hata pilau hakula.

Jana mjomba kanipigia, kapata chokaa, nitume hela ya kuibeba. Na nisiwe na wasiwasi, hatomwambia mtu kwamba wazo la simenti lilikuwa langu.