Kaa, mnara wa simu na nusu ya mwezi

Miezi miwili iliyopita mpwa wangu alinipigia simu akaniambia, mjomba, wewe si unajua mambo ya mawimbi, njoo unisaidie na kaa. Anasomea viumbe vya bahari, yuko mwaka wa mwisho, na mradi wake ni wale kaa wadogo wa matopeni ambao dume lake lina gando moja kubwa ajabu na jengine dogo la kulia chakula. Mimi ni fundi wa minara ya simu, kaa nawajua kwenye sufuria ya nazi, lakini mtoto wa dada akikuita utasema nini.

Tukateremka Tudor, hapa Mombasa, kwenye mikoko, upande wa Mikindani, siku ya bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, saa nne asubuhi, manake bamvua likishika huku kwetu maji hukupwa mida hiyo na kujaa saa kumi alasiri, hiyo hata huhitaji kuangalia simu. Maji yakishatoka subiri kidogo tu, usitingishike, utaona matope yanaanza kutoboka toboka, mmoja anachungulia, wa pili, kisha ghafla uwanja mzima umejaa. Madume wanasimama mlangoni mwa mashimo yao wanapunga lile gando, juu, chini, juu, chini. Wanawaita majike na pia wanatishana wao kwa wao. Ukichutama na kumkazia macho mmoja utaona anapolishusha gando anainama kidogo na mwili wote, kama mtu anayeitikia salamu.

Mpwa wangu alitaka kujua wanapunga kwa kasi gani. Simu yake ilikuwa imejaa, haina nafasi ya video, kwahiyo akaiweka ipige picha moja kila sekunde 2, nusu saa nzima. Tulivyozifungua nyumbani yule kaa wa katikati alionekana analiinua gando polepole mno, duru moja inachukua kama sekunde 38. Mpwa wangu akafurahi, anasema mjomba, ona, huyu ana mwendo wake wa pekee. Nikamwambia hapana mama, tulimuona kwa macho yetu anapunga kila baada ya kama sekunde 2, hizo picha zinatudanganya. Na ndo hivyo. Kama duru yake ni sekunde 1.9 na wewe unampiga picha kila sekunde 2, basi kila picha inamkuta ametangulia kidogo tu kuliko ile ya kabla, ukizipanga unaona kaa mvivu ambaye hayupo. Kwenye kazi yetu hii ni sheria ya kwanza kabisa, wimbi lolote lazima ulipime zaidi ya mara mbili ndani ya duru yake moja, majina ya wahandisi Nyquist na Shannon yanahusishwa nayo, na simu unayoshika sasa hivi inaitii kila unapotamka neno.

Tukarudi na simu yangu, video ya dakika 2, fremu 30 kwa sekunde, jumla fremu 3,600. Tukachukua kimo cha gando kwenye kila fremu, ikatoka mistari inayopanda na kushuka, tukaitia kwenye programu ya kuchambua mawimbi. Wazo lenyewe ni la Joseph Fourier, Mfaransa aliyekuwa akitafiti jinsi joto linavyosafiri ndani ya vitu, aliandika mwaka 1822 kwamba mchoro wowote unaopanda na kushuka waweza kuuvunja ukawa mawimbi mepesi mengi yaliyojumlishwa. Ukiyafanya mahesabu hayo moja kwa moja kwa namba 3,600 unahitaji kuzidisha kama mara milioni 13, lakini kwa njia ya mkato waliyoitoa wanahisabati Cooley na Tukey mwaka 1965 inashuka hadi elfu arobaini na kitu, laptopu inamaliza kabla hujapepesa jicho. Grafu ikaja na mlima mmoja kwenye sekunde 1.9. Mlima mnene lakini, si sindano, kwa sababu kaa si mashine, akiona jike anaharakisha, akiona ndege anazama shimoni.

Hapo kuna jambo limenikaa sana. Mwaka 1998 mtafiti Patricia Backwell na wenzake waliandika kuhusu kaa wa ukoo huu huu, kwamba madume walio jirani, jike akipita, wanapunga kwa pamoja kama kikosi, na jike humpendelea yule anayetangulia wenzake kwa kidogo. Kwahiyo kila mmoja anakimbilia kuwa wa mbele na ndo maana wote wanaonekana sawasawa. Kwenye redio hiyo ingekuwa hasara, wawili wakiita pamoja kwenye masafa yale yale hakuna anayesikika. Norman Abramson na wenzake kule Hawaii walipounganisha visiwa kwa redio mwaka 1971, kila kituo kikiita wakati wowote kinapotaka, mahesabu yalionyesha muda wa hewani unaotumika vizuri haufiki hata asilimia 19. Kaa hawana shida hiyo, jike ana macho, anaona nani kaanza.

Mpwa wangu akataka pia tuwabandike vile vidude vya redio tuwafuatilie maji yakijaa. Nikakataa. Maji ya chumvi yanameza redio, mawimbi ya Wi-Fi hayapiti hata shubiri moja vizuri, ndo maana wanaofuatilia samaki wanatumia sauti, vidude vingi vinalia mizunguko 69,000 kwa sekunde ambayo sikio la mtu halisikii. Na kaa akikua anajivua gamba lote, anaondoka laini na kidude chako kinabaki kwenye ganda tupu.

Basi tukageukia swali jengine ambalo kwangu mimi ndo zuri kuliko yote. Kaa anajuaje wakati wa kutoka shimoni? Kule Woods Hole, Marekani, miaka ya 1950, Frank Brown na wenzake waliwaweka kaa wa jamii hii ndani ya maabara, hakuna bahari, hakuna kujaa wala kupwa, na bado kaa walichangamka na kutulia kwa kufuata duru ya maji, saa 12 na dakika kama 25. Na wakati huo huo rangi ya ngozi yao ikawa inakoza mchana na kupauka usiku kwa duru ya saa 24, ya jua. Saa mbili ndani ya mwili mmoja! Moja ya mwezi, moja ya jua.

Sasa hizo mbili ndo zile zile zinazoyaendesha maji ya hapa Mombasa. Kuna wimbi la mwezi, duru yake saa 12.42, na wimbi la jua, saa 12 kamili. Yakipatana tunapata bamvua, yakipingana tunapata maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, na kutoka bamvua moja hadi jengine ni siku 14.77. Mwanasayansi William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliyatenganisha mawimbi haya kwa hesabu ya Fourier kwenye miaka ya 1860 na kisha akaunda mashine ya magurudumu na kamba ya kubashiri maji.

Nilimuuliza ami, ambaye amevua maisha yake yote, mtu akae baharini muda gani ndo ayajue maji. Hata hakufikiri.

"Mwanangu, maji hayasomwi kwa siku mbili. Ngoja bamvua, ngoja mafu, ngoja bamvua tena, kisha rudi uniulize. Nusu ya mwezi. Chini ya hapo wajidanganya."

Nikanyamaza, kwa sababu hiyo ndo hesabu yenyewe. Mawimbi mawili yanayokaribiana huwezi kuyatenganisha kwa usafi mpaka uyasikilize muda wa kutosha moja limpite mwenzake duru nzima, na kwa mwezi na jua muda huo ni siku 14.77. Na kwenye 4G ninayoishughulikia kila siku, data inagawanywa kwenye mawimbi membamba mengi yaliyoachana mizunguko 15,000 kwa sekunde, na simu inasikiliza kila fungu kwa sehemu moja ya 15,000 ya sekunde, yaani maikrosekunde 66.7, ndo iyatenganishe bila kuchanganyika. Sheria moja. Ami anaifanya kwa nusu mwezi, mnara unaifanya mara maelfu kabla hujamaliza kusema halo.

Kwahiyo sasa kwenye stoo ya dada yangu kuna beseni la matope ya Tudor na kaa mmoja ndani, giza, taa hairuhusiwi. Nimemfungia kimwanga kisichoonekana kinachokatiza beseni, kila akikikata inahesabiwa, na kila dakika 10 hesabu inatumwa kwa Wi-Fi kwenye laptopu iliyoko sebuleni. Mpwa wangu anamlisha kwa saa tofauti tofauti, leo asubuhi, kesho usiku wa manane, ili chakula chenyewe kisigeuke kuwa saa. Siku 15, namba 2,160.

Tulianza siku ya bamvua. Leo ni ya 8, huko nje ni maji mafu, na asubuhi dada aliniuliza kama grafu ishatoka. Nimemwambia bado, na laptopu hatuifungui.