Mguu wa Tano

"Mama, ikizimika sasa hivi, inakufa?"

Mwanangu aliniuliza hivyo juzi usiku, simu yangu ikijisasisha, ule mstari ukitambaa na chini yake onyo kwamba kifaa kisizimwe. Nikamwambia simu nyingi za siku hizi huiweka programu mpya pembeni kwanza, na mambo yakiharibika hurudi kwenye ile ya zamani. Akaridhika, akalala. Mimi sikulala mapema. Nilikuwa nimemkumbuka Bakari na betri yake.

Januari 2010. Waliokuwepo Unguja hawahitaji kuelezwa, lakini wengine mnaonisoma mlikuwa wadogo, au mlikuwa bara. Njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ambayo waya wake ulilazwa mwaka 1980, iliharibika Desemba 10, 2009, na kisiwa kikakaa giza hadi Machi. Pampu hazikwenda, mabomba yakakauka, tukarudi kwenye visima. Wenye uwezo walinunua jenereta, na ikifika magharibi mtaa mzima unanguruma hata adhana unaisikia kwa shida. Sisi tulikuwa na koroboi, tochi ya bibi, na ndoo. Nikishachota maji nilikaa barazani kushona kofia za viua mpaka jua lizame, maana kiua hakishoneki kwa koroboi.

Kaka Salim yeye alikuwa na PSP ya Nassor, ile mashine ya Sony ya kuchezea gemu mkononi. Nassor, mtoto wa ami, alikuja kutoka Maskati kula nasi Idi ya kuchinja, ile ya Novemba, na alipoondoka akaiacha: kaeni nayo, nitaichukua nikija tena. Ilikuwa ile ya kwanza kabisa, nene, PSP-1000, nyeusi, kioo kinang'aa hadi unaogopa kukigusa. Ilikuja na gemu moja tu, la mpira. Gemu za PSP zilikuwa kwenye vidiski vidogo vilivyofungwa ndani ya ganda la plastiki, na duka la kuviuza hapa kwetu sikuwahi kuliona. Kwa hiyo Salim akawa na mpango. Kulikuwa na programu iliyoitwa M33, iliyotengenezwa na mtu aliyejiita Dark_AleX, ambayo ukiiweka badala ya ile ya kiwandani, PSP inaanza kusoma gemu kutoka kwenye memori kadi. PSP ya Nassor ilikuwa na toleo la 5.03, ambalo mwaka 2009 lilishapatikana mwanya wake kupitia faili ya picha. Salim aliyasoma yote hayo kwa saa za kulipia kwenye duka la intaneti pale Darajani, akaandika hatua moja moja nyuma ya daftari la hesabu. Mimi nilimwona akiandika. Hakuna atakayeniambia kwamba kijana yule alikuwa mzembe.

Jirani alitupitishia waya juu ya ukuta kutoka kwenye jenereta lake. Salim akachomeka chaji, akasubiri alama ya betri ijae, akaanza. Katikati ya kazi petroli ikaisha. Na betri ya Nassor, ambayo ilikuwa ikionyesha imejaa, kumbe ilishavimba na ndani haina kitu. Chaji ilipokata na yenyewe ikakata.

Baada ya hapo ukisukuma swichi, taa ya kijani inawaka, kioo kinabaki cheusi, kisha baada ya muda taa nayo inazima. Basi. Kila PSP ina hifadhi ndani yake ambamo programu inakaa, kwenye hii ilikuwa megabaiti 32, na sasa ilikuwa imefutwa nusu na kuandikwa nusu. Kifaa kinaamka, kinatafuta cha kusoma, hakikioni. Salim alikaa nayo mapajani usiku kucha. Mama alimletea chai akaiacha ikapoa.

Dawa ilikuwepo, na ilijulikana tangu 2007. Kila betri ya PSP ina chipu ndogo yenye namba yake ya utambulisho. Mafundi wa Sony walikuwa na betri maalumu ambayo namba yake ni F nane, FFFFFFFF. PSP ikiikuta namba hiyo inajua iko mikononi mwa fundi, basi inaacha kabisa kutafuta programu ndani yake na inaisoma kutoka kwenye memori kadi. Walioigundua siri hiyo waliita betri ya namna hii Pandora. Ukiwa na PSP nyingine iliyokwisha kuwekwa M33, unaibadilisha namba kwa programu tu. Usipokuwa nayo, unaifungua betri na kuukata mguu mmoja wa ile chipu, PSP ishindwe kuisoma namba, na ikishindwa kuisoma inaihesabu kuwa F tupu.

Memori kadi haikutushinda. Yule mwenye duka la intaneti alikuwa na jenereta lake, na Salim aliitengeneza pale pale. Shida ilikuwa betri. Yetu haikuweza kuiwasha PSP hata kwa muda wa kusema bismillahi, na tulipoichungulia ndani tukakuta ubao wake umeliwa na kutu. Na kazi hii haifanyiki kwa chaji peke yake, maana betri inaingia kwanza, yenyewe ndiyo inayoiamsha mashine.

Mtaani kwetu alikuwepo mtu mmoja tu mwingine mwenye PSP-1000, naye ni Bakari, darasa la saba. Baba yake alimletea kutoka Dubai.

Hatukumwomba. Hilo nataka lijulikane. Alikuja mwenyewe jioni moja baada ya kusikia, akasimama kizingitini, akasema, "Shikamoo bibi. Kaka Salim, nimeleta betri." Alikuwa ameifunga kwenye leso.

Salim alimwambia wazi kwamba mguu ukikatwa umekatwa. Fundi simu wa Darajani angeweza kuunyanyua kwa moto wa lehemu ili baadaye urudishwe, lakini alikataa, akasema yeye chuma cha moto kwenye betri ya lithiamu hakipeleki hata apewe nini. Kwa hiyo ni wembe. Na betri ile ikishakatwa haitamchezesha Bakari gemu tena kama kawaida, atabaki na chaji, na umeme wenyewe haupo. Bakari alisikiliza yote. Akasema, "Sawa."

Mikono ya Salim ilikuwa inatetemeka tangu usiku ule. Wakanitazama mimi, kwa sababu ya kofia.

Tulikaa uani, kwenye jamvi. Bibi alileta ndoo ya mchanga bila kuambiwa na mtu, akaiweka karibu nami. Alikuwa amesikia neno lithiamu na neno moto, yakamtosha. Bakari akashika tochi. Nilipasua ganda la betri kwenye mshono wake, nikizungusha ncha ya wembe taratibu, kwa sababu ndani kuna seli yenye moto wake na wembe ukizama tu imekwisha. Ganda likaachia. Kwenye ukingo mmoja, karibu na meno ya shaba yanayogusana na PSP, kulikuwa na ubao wa kijani mwembamba, na juu yake chipu nyeusi ambayo ningeweza kuifunika kwa punje ya mchele. Miguu minane, minne kila upande, kila mguu na wembamba wa uzi wa kofia.

Salim alisoma kwenye daftari. Tafuta kinukta kwenye chipu. Karibu na kinukta ni mguu wa kwanza. Shuka upande huo huo, wa pili, wa tatu, wa nne. Vuka. Unaotazamana na wa nne ndio wa tano.

Nilihesabu kwa ncha ya sindano bila kugusa. Nikahesabu tena. Bakari naye alikuwa anahesabu, kwa sauti ya chini, na mwanga wa tochi ulikuwa ukicheza kila akitaja namba, mpaka nikamwambia anyamaze. Akanyamaza, mwanga ukatulia. Sindano nilikuwa nimeizungushia uzi hadi karibu na ncha ili chuma kisiunganishe vitu viwili visivyotakiwa kuunganishwa. Nikaipitisha chini ya mguu wa tano, mahali unapojikunja kabla haujakutana na ubao. Ilipita. Kwa mkono wa pili nikaweka kipande cha wembe juu ya mguu.

Hapo nikasita. Ningesema nilisita kwa ajili ya mikono yangu, lakini mikono ilikuwa imetulia. Nilimtazama Bakari. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu kwa sababu ya tochi, mtoto mwenye jasho juu ya mdomo, na nilifikiri: huyu ni mdogo, hajui anachotoa, na mimi ndiye ninayejua.

"Bakari, una hakika?"

"Dada, kata."

Nikakata. Haukutoa sauti yoyote. Mguu ulinyanyuka kidogo kwenye sindano, ukabaki umesimama hewani, pengo lake ukiliona tu ukiweka jicho karibu.

Tulirudisha ganda tukalizungushia utepe. Salim akaingiza memori kadi. Akampa Bakari PSP na betri, akamwambia weka wewe. Bakari akaisukuma betri ndani, akarudisha kifuniko, akaondoa mikono yake kabisa na kuiinua juu, watu wote waone hakuna aliyegusa swichi.

Taa ya kijani ikawaka yenyewe. Kisha ile taa ya memori kadi ikaanza kupepesa. Kisha kioo kikaleta maandishi.

Bibi akasema, "Subhanallah, imejiamsha." Bakari alikuwa anaruka ruka na tochi mkononi, mwanga unapiga ukutani, kwenye kamba ya nguo, kwenye mnazi wa jirani. Salim alikuwa analia waziwazi. Kwenye orodha iliyotokea kulikuwa na chaguo la kurudisha programu ya kiwandani na chaguo la kuweka M33. Mama alisema rudisha ya watu kama ilivyokuwa. Salim alimtazama mama, akamtazama Bakari, akachagua M33. Ikaisha salama.

Yaliyofuata ni mengi na si marefu. Tulicheza jenereta la jirani likiwepo. Umeme ulirudi Machi, mtaa ukapiga vigelegele. Nassor alipokuja akaikuta PSP yake ina gemu chungu nzima na hakuuliza kitu. Salim alimnunulia Bakari betri nyingine Kariakoo, ikawa ya bandia, haikudumu. Akampa pia ile memori kadi, maana kadi bila betri ile na betri bila kadi ile hazina kazi. Na hapo jambo likageuka kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Vijana kutoka Kikwajuni, kutoka Mlandege, hadi kutoka Fuoni, wakaanza kuja kwa kina Bakari na PSP zilizokufa. Alizifufua. Alijifunza kuitambua PSP-3000 kwa kuitazama tu na kumwambia mwenyewe pole, hii Pandora haiingii. Mwanzoni alifanya bure, baadaye akatoza pesa ya maandazi, baadaye zaidi. Leo yuko Maskati, fundi wa viyoyozi, na mwezi wa Ramadhani anatuma tende.

Asubuhi baada ya swali la mwanangu nilimpigia. Nilimwambia kitu nilichokuwa sijawahi kumwambia, kwamba miaka yote hii ninapotaka kumweleza mtu maana ya ujirani namtaja yeye na ile leso. Alikaa kimya, kisha akacheka kwa upole.

"Dada, mimi nilitaka kuona. Kaka Salim alisema mtaani kwamba itajiwasha bila kuguswa. Nikasema hilo haliwezekani, na kama linawezekana lazima niwepo."

"Lakini ulikaa hadi Machi huna betri."

"Nilikuwa nacheza kwenu."

Ni kweli, alikuwa akicheza kwetu. Nakumbuka pia PSP yake juu ya kabati lao, kifuniko cha betri kimefunguliwa, ndani tupu, nilipopelekwa na mama kupeleka sahani ya futari ya watu. Yeye hakumbuki kama iliwahi kukaa pale. Anasema hakunikopesha kitu, na kwamba kama kuna aliyefaidika na mguu ule ni yeye. Labda ndivyo. Ila yeye anasema hivyo akiwa mtu mzima mwenye kazi yake, na aliyeniambia "Dada, kata" alikuwa mtoto wa darasa la saba, na siwezi kumuuliza yule.

Kuna mtu Dar es Salaam bado ana betri za PSP-1000, anasema ni za asili. Nimemwomba aniwekee moja, na nitaitafutia mtu wa kuifikisha Maskati. Bakari ameniambia hana PSP tena, aliiuza zamani. Nimemjibu kwamba sikumuuliza hilo, anipe tu jina la mtu atakayeipokea.