Nimesaini, Jumanne naingia theatre

Jamani nimesaini fomu ya kupasuliwa ulimi. Simu zenu naziona, ila kuongea sa hivi kunanichosha, mdomo mkavu mpaka maneno yanagandia kwenye meno, kwaiyo naandika mara moja kila mtu asome.

Mnakumbuka kile kidonda cha ubavuni mwa ulimi mwaka jana, nilidhani nimejing'ata nikawa nasukutua maji ya chumvi miezi mitatu nzima huku kuberi, ile tumbaku ya mdomoni, naweka kama kawaida (ujinga wangu, simlaumu mtu). Kinyama kikapelekwa maabara, majibu kansa. Na tezi ya shingo ilishavimba, wakaanza na mionzi hospitali ya kansa Ocean Road, mara 35, Jumatatu mpaka Ijumaa wiki saba, na dripu za kemo, dawa za kuua kansa, juu yake. Kabla ya hapo waling'oa magego manne maana taya likishapigwa mionzi ukaja kung'oa jino baadae linaweza kugoma kupona. Unavalishwa kile kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwa sura yako, unabanwa nacho kwenye kitanda, mashine inakuzunguka. Wiki ya tano uji mtupu ulikuwa unawasha kama pilipili. Nilipomaliza nikasema basi, yamekwisha.

Miezi mitatu mbele siti skani inaonyesha tezi imenywea ila kwenye ulimi kuna kitu, wakakata kinyama tena, bado ipo. Dokta hakuzunguka, mionzi pale pale hairudiwi ovyo, kemo peke yake itaituliza tu haitaing'oa, kilichobaki ni kisu.

Hapo ndo ikawa shughuli. Mi ni mnadi pale Feri, miaka 18 nauza samaki za watu kwa mdomo, ulimi ndo jembe langu. Af kaka yangu mkubwa akaja na ile habari kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa, twende Handeni kuna mzee ana mizizi. Wiki mbili nikawa sipokei simu ya hospitali. Hii imani mi naona imetokana na sisi wenyewe kuchelewa, mtu anapasuliwa ugonjwa ulishatembea mwili mzima, akifa lawama zinabebeshwa kisu.

Mama watoto ndo alinivuta tukarudi. Dokta akageuza karatasi, akachora ulimi kama soli ya kandambili, akapaka wino ubavu mmoja. Hapa tunatoa, ncha inabaki. Tezi za shingo upande huo wanazifagia, pengo wanaziba na nyama ya mkono wangu mwenyewe huku ndani karibu na kiganja, tundu kooni la kupumulia siku kadhaa, mpira wa puani wa kulia chakula. Na hakunipamba, alisema nyama iliyokwisha kupigwa mionzi inapona kwa kusuasua, mate yanaweza kuvujia shingoni, kiraka kinaweza kukataa wakanirudisha theatre.

Nikamuuliza dokta, nitanadi tena?

"Mzee, hebu nadi hapa nisikie."

Nikaanza, elfu kumi, kumi na tano, ishirini, ishirini na tano, kufika thelathini nikajisikia mwenyewe nasema selasini. Nikarudia. Selasini. Mama watoto kaangalia chini anakunjakunja kona ya khanga. Yaani nimekataa kisu wiki mbili nailinda sauti, kumbe yenyewe inaondoka kidogokidogo na mi nipo nayo humohumo mdomoni siijui. Sijui Feri walikuwa wananistahi au vipi, hakuna hata mmoja aliyeniambia.

Nikaomba kalamu.

Kwaiyo ni Jumanne asubuhi. Baada ya hapo msinipigie, nitumieni meseji, nitajibu kwa vidole. Wachangia damu walitaka wawili na nishawapata, mmoja mpwa wangu, mwingine ni huyohuyo kaka wa Handeni, katoa jana, karudi na soda yake mkononi na bado anasema kisu kinasambaza.