Siku nilipoandikiwa sifuri

Ilikua 2017, nimesimama nje ya maabara hapa Kigoma mjini, jua la saa saba, karatasi mkononi imeandikwa mbegu za kiume 0. Sio chache, hamna kabisa. Na hiyo ilikua mara ya pili, ya kwanza nlisema wamekosea, nkakaa tena siku nne bila kukutana na mke wangu kama walivyoelekeza, nkarudia, yaleyale.

Ila kilichoniuma sio ile sifuri. Miaka mitano mke wangu kapelekwa kwa waganga mpaka Kasulu huko, kanywa mizizi michungu, kasafishwa kizazi mara mbili, mama anamwita mgumba mbele ya mawifi zake, na muda wote huo hakuna hata mmoja aliyesema na huyu mwanaume apewe kikopo. Hata mimi sikusema.

Daktari akanipapasa korodani taratibu, kulia, kushoto, akauliza, "Kaka, ushawahi kuugua gono?" Nkanyamaza kwanza. Niliugua nina miaka 21, nabeba magunia ya dagaa pale Kibirizi, nkanunua vidonge duka la dawa, usaha ulivyokata nkaacha dozi katikati. Akasema korodani zina saizi nzuri, homoni kwenye damu ziko sawa, mbegu zinatengenezwa vizuri tu, ila ule mrija uliojikunjakunja nyuma ya korodani umeziba kwa makovu, hazina pa kupita. Na maji yanatoka kama kawaida kwa sababu karibu yote yanatoka kwenye tezi za juu huko, ndo maana mtu unaweza kuzeeka hujui.

Nkauza injini ya boti, nkapanda treni mpaka Dar. Mama nlimwambia naenda kibiashara.

Nlipigwa nusu kaputi, masaa kama manne hivi. Baadae daktari alinieleza, akanichorea na kwenye karatasi, kwamba wanachukua ule mrija mkubwa wa kupitisha mbegu wanauunga moja kwa moja kwenye kile kimrija kilichojikunjakunja, upande ambao mbegu zipo, pale palipoziba panarukwa. Kabla ya kushona wanaweka tone la majimaji kwenye kioo kuangalia kama kweli mbegu zimo. Uzi wenyewe mwembamba kuliko unywele, hauonekani vizuri bila darubini. Akaniambia wazi kabisa kwamba sio wote inakubali, na inaweza kuchukua miezi, hata mwaka.

Nkarudi nyumbani, marufuku kubeba magunia, marufuku tendo kwa wiki kadhaa. Mama anakuja anaendelea na maneno yake, mke wangu anamwandalia ugali na migebuka, anajua kila kitu, hasemi.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji nkapima, sifuri. Mwezi wa sita nkaenda peke yangu, sikumuaga mtu. Yule kijana wa maabara akatoka na karatasi, nkasoma mara tatu nimeegemea ukuta, halafu nkapiga simu nyumbani.

"Zipo?" akauliza kabla sijasema hata haloo.

"Zipo. Chache, ila zinatembea."

Kimya. Nasikia mawese yanachemka jikoni, nasikia anafunika sufuria. Halafu akasema, polepole kabisa, "Sasa mpigie mama. Mwambie wewe mwenyewe, tangu mwanzo."