Zamu ya maji, bonde la Ayung

Saa kumi na moja alfajiri na usingizi sijauona. Mwili wangu bado uko Dar, ambako ndiyo kwanza saa sita usiku. Nimejifunga khanga, nimetoka kibarazani. Chini huko gizani mto Ayung wa hapa Bali, Indonesia, unanguruma. Mvua ya jana jioni imeujaza.

Darini kuna mjusi. Si mjusi kafiri wa kwetu anayejinyamazia ukutani. Huyu ni mnene na anajitaja jina: to-ke, to-ke. Kijana anayetuhudumia alisema tumhesabu, akifika mara saba ni bahati. Nimemhesabu tano, akanyamaza. Haya.

Leo ni siku ya nne. Aliyelipa ni mdogo wangu, muuguzi huko Perth, Australia. Kutoka kwake hadi Bali ni kama saa tatu na nusu za ndege. Mimi nimekuja kwa kupitia Doha, miguu ikavimba kama ya mjamzito. Hatukuwa tumeonana miaka sita. Bei ya hapa amekataa kuitaja, ila juzi alipokwenda kuoga nilichungulia simu yake. Mungu anisamehe. Usiku mmoja ni ada ya muhula mzima ya mwanangu, na chenji ya daftari inabaki.

Hoteli iko ukingoni mwa bonde, nje kidogo ya mji wa Ubud. Usitafute ghorofa, huku hairuhusiwi jengo kupita urefu wa mnazi, mita 15 hivi. Ni nyumba nyumba zilizotawanyika mteremkoni, kila moja na ukuta wake na mlango wa jiwe la kuchonga, paa la nyasi nene zilizokatwa sawasawa kama nywele za kinyozi. Bafu halina paa. Siku ya kwanza nilioga na khanga mwilini, nikiwaonea haya ndege. Kutoka mapokezi hadi mlangoni kwetu nimehesabu ngazi 140. Sisi watu wa milimani Same tulioapa hatutapanda tena mlima na ndoo kichwani, leo tunalipa tupande.

Kijana mwenyewe ni mpole, kichwani kilemba cha kitambaa, kiunoni shuka. Alituambia kwao yeye ni wa nne, na kwa Wabali hapo jina umeshalijua: wa kwanza Wayan, wa pili Made, wa tatu Nyoman, wa nne Ketut, na akizaliwa wa tano mnarudi kwa Wayan. Mdogo wangu alicheka hadi akapaliwa. Halafu tukaanza kuokota maneno. Kwa Kiindonesia wanasema "apa kabar", ndiyo habari yetu hiyo. Sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, kamusi ni kamus, na dunia ni dunia vilevile. Waarabu walipita kwao, wakapita kwetu.

Kila asubuhi mama mmoja huja na sinia la vijisahani vilivyosukwa kwa jani changa la mnazi, ndani maua ya rangi rangi na wakati mwingine biskuti, juu kijiti cha udi. Anaweka kimoja mlangoni, kimoja kando ya bwawa, kimoja chini kabisa njiani. Juzi nilikipiga teke kwa bahati mbaya. Niliomba radhi kwa Kiswahili na kwa mikono yote miwili. Akatabasamu tu, na kijana akatafsiri: moshi ukishapanda, sadaka imeshapokelewa, kinachobaki hata kuku ale.

Jana asubuhi ndiyo ninayotaka kuiandika kabla haijapoa.

Chini ya nyumba yetu kuna majaruba ya mpunga, yameshuka ngazi kwa ngazi hadi karibu na mto. Nilidhani ni mapambo ya hoteli. Kulipopambazuka nikamwona mzee, suruali imekunjwa hadi magotini, amesimama kwenye mfereji. Akainama, akatoa jiwe kwa mikono, akalihamishia upande wa pili, akakandika tope pembeni kwa kisigino. Maji yakasita kidogo, kisha yakageuka. Akasimama anayatazama mpaka yakafika jaruba la mwisho.

Kisigino kile. Baba yangu alikandika tope vilevile.

Kijana akatueleza: mashamba ni ya watu wa kijiji. Maji yana chama chao, subak, wenye mfereji mmoja wanakaa, wanapanga nani anapanda lini na nani anapata maji kiasi gani, na chama kina hekalu lake. Mambo haya yapo tangu karne ya 9. UNESCO wameyaandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2012. Mimi nikawa namsikiliza huku naona ndiva yetu kule Upare, bwawa dogo la kumwagilia mashamba: inazibwa jioni, inajaa usiku kucha, asubuhi inafunguliwa na kila mtu na zamu yake. Hatukuwa na hekalu, lakini mwenye kusimamia ndiva aliogopwa kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Mchana, nyumbani Tanzania ikiwa saa tatu asubuhi, tukampigia mama. Nikamgeuzia simu aone bonde. Bwawa la kuogelea halikumshangaza. Majaruba yalimshangaza.

"Na huko wanagawana maji?"

"Wanagawana, mama. Kwa zamu."

"Anayeiba usiku wanamfanyaje?"

Nikamuuliza kijana. Anatozwa faini, akasema, sheria zimeandikwa. Mama akaguna. "Sisi walitutoza beberu. Na baba yenu mpaka anaingia kaburini anaapa hakugusa lile jiwe."

Tuliijua hadithi hiyo. Mwaka ule tangawizi ilikauka kwa kila mtu isipokuwa kwetu, wakamkuta beberu wetu mmoja tu bandani, wakaondoka naye. Baba hakwenda tena kwenye vikao vya ndiva.

Mdogo wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa bwawa, miguu majini. Alikuwa na miaka tisa wakati ule. Hakunitazama.

"Dada," akasema taratibu, "lile jiwe nililitoa mimi."

Chini mtoni maboti ya mpira yalikuwa yakipita, watalii wenye kofia ngumu wanapiga mayowe. Nilikuwa nimeshika simu, sijui niielekeze wapi.

"Haloo?" mama anaita. "Haloo? Mbona mmenyamaza, au mtandao?"