Kutafuta chumba Ujerumani kabla muhula haujaanza

Muhula wa baridi kwenye vyuo vikuu vingi vya Ujerumani huanza rasmi tarehe 1 Oktoba. Mwanafunzi anayepata viza Septemba hukuta vyumba vizuri vimeshakwenda, naye hudaka chochote kinachotokea, akishauliza bei na umbali wa chuo tu. Kuna swali linalotangulia hayo mawili: hapa nitafanya Anmeldung?

Anmeldung ni kuandikisha anwani yako kwenye ofisi ya wakazi ya mji, na sheria inakupa wiki mbili tangu siku ya kuhamia. Unakwenda na pasipoti na fomu iliyosainiwa na anayekupangisha, iitwayo Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba peke yake hautoshi. Usipokuwa na uandikisho huo, kibali cha ukaazi kinakwama, na benki nyingi za kawaida hazikufungulii akaunti, wakati pesa za Sperrkonto, ile akaunti iliyofungwa ya kuombea viza inayotoa kiasi maalumu kila mwezi, zinahitaji akaunti ya kuzipokea. Namba ya kodi ya mapato nayo hutumwa kwa posta kwenye anwani uliyoandikisha. Ukianza kibarua bila hiyo namba, mwajiri anaweza kukukata kodi kwa daraja la juu kabisa mpaka uipeleke. Kwa hiyo tangazo likisema "bila Anmeldung", liache, hata kama chumba kinatazamana na maktaba. Na usikubali kuuziwa anwani ya kujiandikisha mahali usipolala. Hilo ni kosa kisheria kwako na kwa anayekuuzia.

Ukishahamia, bandika jina lako kwenye kisanduku cha barua na kwenye kengele siku hiyo hiyo, vile vile lilivyo kwenye pasipoti. Tarishi asipoliona jina anarudisha barua ilikotoka. Ndivyo kadi za benki na barua za uhamiaji zinavyopotea kila Oktoba.

Sasa pesa. Sperrkonto inatoa euro 992 kwa mwezi. Bima ya afya ya mwanafunzi inakula zaidi ya 140. Chumba cha euro 600, ambacho München hakimshangazi mtu, kinakuachia kama 250 za chakula, simu na kila kitu kingine. Miji kama Leipzig, Magdeburg, Chemnitz au Ilmenau ina pango la chini sana, na kama bado una barua mbili za udahili mkononi, tofauti hiyo ina uzito kuliko jina la mji.

Ukisoma matangazo, tenga Kaltmiete na Warmmiete. Ya kwanza ni pango la kuta tupu. Ya pili imeongezwa maji, taka, usafi wa ngazi na, mara nyingi, joto. Umeme na intaneti huenda bado viko nje. Uliza kila kimoja kwa jina. Uliza pia kama nyongeza hizo ni Vorauszahlung au Pauschale. Vorauszahlung ni malipo ya kutanguliza: mwisho wa mwaka hesabu hupigwa, na aliyewasha hita usiku kucha madirisha yakiwa wazi huletewa deni. Pauschale ni kiasi kisichobadilika kwa hesabu hiyo, na kwa mgeni wa baridi ndiyo salama zaidi. Jingine linalowashtua wengi: nyumba nzima inaweza kupangishwa bila jiko wala sinki la kuoshea vyombo, hata bila taa za dari.

Hosteli za Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, kwa kawaida zina samani, na pango lake hujumuisha karibu kila kitu. Omba mapema iwezekanavyo. Baadhi ya ofisi hupokea maombi hata kabla ya udahili, na foleni ya miji mikubwa hufika mihula kadhaa. Usipopata, tafuta Zwischenmiete, yaani chumba cha mwanafunzi aliyesafiri kwa miezi michache, hasa Agosti na Septemba, kisha utafute cha kudumu ukiwa hapo hapo. Hakikisha tu anayekupangisha ana ruhusa ya mwenye nyumba na atasaini ile fomu ya Anmeldung. Chumba cha WG, nyumba ya kuchangia, hupatikana kwa usaili: wakazi wanataka kujua kama unasafisha jiko na unalala saa ngapi. Ujumbe wa mistari mitano unaotaja kitu kilichomo kwenye tangazo lao hujibiwa. Ule wa kunakili kwa watu hamsini hawausomi.

Matapeli wana wimbo mmoja. Mwenye nyumba yuko London, funguo zitakuja kwa posta, tuma amana kwanza, na hii hapa picha ya pasipoti yangu. Usitume hata senti kabla mtu unayemwamini hajaingia chumbani. Jumuiya za Watanzania na Wakenya zipo katika miji mingi ya vyuo, omba mmoja akakutazamie. Dalali naye hana haki ya kukutoza ada ikiwa ameajiriwa na mwenye nyumba, tofauti na ile hela ya kuonyeshwa chumba tuliyoizoea Dar es Salaam. Pango hulipwa mwezi kwa mwezi, na amana haizidi Kaltmiete ya miezi mitatu. Sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu.

Siku ya funguo, jaza fomu ya makabidhiano, piga picha kila mkwaruzo na usomaji wa mita. Ukuvu ukutani unaweza kula amana yako: chemsha maharage na anika nguo ndani, lakini fungua dirisha lote dakika tano hadi kumi mara kadhaa kwa siku, badala ya kuliacha limeinama kidogo kwa juu mchana kutwa.

Baada ya Anmeldung utaletewa barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. WG hulipa ada moja na kugawana. Chumba cha hosteli kinachofunguka kwenye korido ya wote huhesabiwa nyumba kamili, kwa hiyo unalipa peke yako.

Kuhama nako kuna utaratibu. Mkataba wa kawaida usio na kikomo hudai notisi ya miezi mitatu, nayo imfikie mwenye nyumba kabla siku ya tatu ya kazi ya mwezi haijaisha. Iwe ya karatasi yenye sahihi ya kalamu, maana barua pepe haihesabiki. Hosteli zina tarehe zake ndani ya mkataba, mara nyingi mwisho wa muhula, yaani 31 Machi au 30 Septemba.